Namba Baada ya Nukta

Dirisha namba sita lilikuwa limefungwa tena.

Inspekta alilitazama kama unavyomtazama mtu aliyekudanganya mara tatu na sasa yuko tayari kwa ya nne. Kwenye kioo, kwa ndani, palibandikwa karatasi yenye neno moja: TUNARUDI. Haikusema lini, wala wametoka kwenda wapi. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Nyuma yake watu kama kumi na wawili walikuwa wameshakata tamaa ya kusimama, wakaketi sakafuni na bahasha zao mapajani.

"Unasubiri nini hapo, mama?" aliuliza mlinzi.

"Faili."

"La mgonjwa?"

"La marehemu."

"Aa! Ya marehemu ni dirisha namba tisa."

"Namba tisa ndio walionituma hapa."

Mlinzi alilifikiria hilo kwa muda. "Basi subiri," alisema, akaenda zake kwa mwendo wa mtu aliyetimiza wajibu.

Kesi ilionekana nyepesi ilipotua mezani kwake siku tisa zilizopita. Fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alifikishwa hospitalini hapo Jumamosi ya tarehe nane akiwa na kidonda kibaya mguuni. Alikuwa na kisukari tangu akiwa mtoto wa miaka tisa, na tangu hapo alijidunga insulini kila siku, kama wengine wanavyopiga mswaki. Wodini hakudungwa hata mara moja. Alipewa vidonge. Jumanne ya tarehe kumi na moja, kabla ya adhuhuri, akafa.

Aliyempeleka hospitali alikuwa dada yake, msusi wa nywele. Ndiye pia aliyekuja kituoni kushitaki. Inspekta alikumbuka jinsi vidole vyake virefu vilivyokuwa vikisokota kamba ya mkoba, vikiifungua, vikiisokota tena.

"Daktari wa zamu alituambia mbele ya maiti kwamba hakuna aliyemwambia kaka anadungwa," msusi alisema siku ile. "Nilimwambia, Inspekta. Nilimwambia mara tatu. Sasa nyumbani nimekuwa muuaji. Mama anakula akinipa mgongo."

Mkuu wa kituo hakuipenda kesi. "Watu hufia hospitali," alisema. "Wafie wapi?" Akampa hadi Ijumaa awe amepata la maana au alifunge jalada. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kwenye mkoba wake Inspekta alikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa maelezo ya daktari wa zamu, aliyoyatoa bila kupepesa macho: mgonjwa alipopokelewa alifungua kompyuta, rekodi ikamwonyesha msimbo E11.9, yaani kisukari cha aina ya pili, ambacho wengi hukitibu kwa vidonge, tena kisicho na madhara yoyote mwilini. Akafuata rekodi. "Kama msimbo ulikosewa," alisema, "mtafuteni aliyeukosea." Karatasi ya pili ilikuwa nakala iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta hiyohiyo. Ilionyesha jina la Cheche, msimbo E11.9, na juu kabisa tarehe nane. Karatasi hizo zilikubaliana kama mapacha.

Aliyeuingiza alishapatikana siku ya kwanza. Alikuwa mama mmoja wa chumba cha misimbo ya magonjwa, ambaye hospitali nzima ilimwita Nukta. Inspekta alimwonyesha nakala, akamuuliza, "Nani aliandika hii?" Naye akajibu, "Mimi," akaendelea na kazi yake. Kilichobaki ni faili la karatasi, ili ionekane Nukta alinakili nini na alikosea wapi. Ndilo lililomtoa jasho Inspekta siku tisa. Masjala walisema liko wodini. Wodi ikasema liko dirisha namba tisa. Namba tisa wakasema namba sita. Namba sita ilikuwa TUNARUDI.

Alikunja daftari lake, akapanda ngazi kwenda wodini.

*

Sista mkuu wa wodi alikuwa akihesabu mashuka. Hakuacha kuhesabu.

"Thelathini na nne. Nilishakwambia, Inspekta, mimi nilitoa dawa iliyoandikwa. Thelathini na tano."

"Dada wa marehemu anasema alikuambia kaka yake anadungwa."

"Ndugu husema mengi."

"Alikuambia au hakukuambia?"

Shuka la thelathini na sita likabaki hewani. "Nilimwambia amwambie daktari."

"Akamwambia?"

"Siku ile nilikuwa na wagonjwa hamsini na wawili na mikono miwili."

"Sikuuliza mikono, Sista."

"Sikuwa karibu nao, basi!" Sista alilitupa shuka juu ya mengine. "Mnakuja hapa mnatafuta mchawi. Mimi kazi yangu nilifanya. Nilimpokea mwenyewe, nikampima, nikamkagua mwili mzima, nikajaza karatasi ya kupokea mgonjwa mstari kwa mstari. Hata zile alama za sindano niliziandika."

Inspekta aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Alama zipi?"

Sista akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka nje na halina pa kurudi. Alitazama mlangoni, kisha akatazama mashuka.

"Tumboni," alisema kwa sauti ya chini. "Na mapajani. Nyingi, za zamani na mpya. Mtu anayejidunga miaka mingi ngozi yake hufanya vinundu. Niliandika."

"Na daktari huisoma karatasi hiyo?"

"Inatakiwa aisome."

"Iko wapi?"

"Kwenye faili."

Inspekta alivuta pumzi kupitia meno. "Na faili liko wapi, Sista? Maana nimezungushwa kama pia. Nikiambiwa tena dirisha namba sita nitalivunja."

Sista alimshangaa. "Namba sita? La aliyekufa haliendi namba sita mpaka lisainiwe. Liko kwa Nukta. Liko kwa Nukta tangu alipokufa."

Siku tisa! Na siku ya kwanza alisimama mbele ya meza ya Nukta, pengine kiwiko chake kikiwa juu ya faili lenyewe.

*

Chumba cha misimbo kilikuwa chini ya ngazi, na dari yake iliinama upande mmoja. Nukta aliketi upande ambao mtu angeweza kusimama wima, lakini hakusimama. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, rula mkononi.

"Karibu. Usiegemee rafu hiyo, ina watu."

Inspekta alisogea. Rafu ilijaa mafaili.

"Faili la Cheche," alisema. "Na safari hii sitoki hapa bila hilo."

Nukta alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akalitoa, akaliweka mezani. Ilikuwa kazi ya sekunde tatu.

"Siku tisa nimelitafuta hili!"

"Hukuliomba hapa."

Inspekta alihesabu kimoyomoyo hadi tano. Kisha akatoa ile nakala, akaiweka kando ya faili. "Tuanze upya. Tarehe nane mgonjwa anapokelewa. Daktari anafungua kompyuta, anakuta aina ya pili, bila madhara. Anatoa vidonge kwa mtu ambaye bila insulini hawezi kuishi wiki. Wewe ndiye uliyeandika msimbo huo. Ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali. Niliuandika mimi."

"Basi ulimuua."

Nukta alivaa miwani yake. Aliitazama nakala, akamtazama Inspekta, halafu akafanya jambo ambalo Inspekta hakulitarajia. Alicheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyechoka.

"Mwanangu, mtu huyu alikuwa ameshazikwa nilipouandika."

"Juu hapo pameandikwa tarehe nane."

"Hiyo ni siku aliyoingia yeye. Inamfuata kila mahali kama jina lake. Siku ulipoingia msimbo haichapwi kwenye karatasi, iko humu." Aligeuza kompyuta, akabonyeza, akaweka rula chini ya mstari. "Soma."

Inspekta akasoma. Tarehe kumi na nane, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Wiki nzima baada ya kifo.

"Sikiliza nikueleze kazi yangu, maana humu ndani hakuna aulizaye," Nukta alisema. "Mgonjwa akiwa kitandani, mimi sina habari naye. Akishatoka, kwa miguu yake au kwa jeneza, daktari anaandika muhtasari: alikuwa na nini, alitibiwa nini, imekuwaje. Faili linashuka hapa. Mimi nageuza maneno ya daktari kuwa herufi na namba, ili hesabu za magonjwa ziende wizarani. Mimi ndiye wa mwisho kumhudumia mgonjwa, na huwa hata simwoni."

"Kama alishawahi kutibiwa hapa zamani? Rekodi ya nyuma?"

"Namba yake ya hospitali ilifunguliwa tarehe hiyohiyo nane. Alikuwa akihudhuria zahanati ya mtaani kwao. Sisi hatukumjua."

"Kwa hiyo daktari alipofungua kompyuta siku ile aliona nini?"

"Jina. Umri. Mtaa. Na nafasi ya msimbo iko hivi." Nukta alifungua kiganja chake kitupu, akakionyesha.

Inspekta aliketi. Hapakuwa na kiti, aliketi juu ya boksi la karatasi.

"Mbona hukuniambia haya siku ya kwanza?"

"Uliniuliza nani. Hukuniuliza lini."

Hilo lilimkaa Inspekta kooni kama mwiba wa samaki. Siku tisa, mafuta ya gari, madirisha yote yale, kwa sababu ya neno moja ambalo hakuliuliza. Lakini bado kulikuwa na jambo. Alilifungua faili, akapekua hadi karatasi ya kupokea mgonjwa. Mwandiko wa Sista ulikuwa mkubwa na wazi: kidonda cha unyayo, kinanuka, ganzi miguu yote miwili, alama nyingi za sindano tumboni na mapajani.

"Nawe," alisema polepole, "na uzoefu wako wote, ukasoma haya, ukaandika aina ya pili bila madhara?"

Safari hii Nukta hakucheka. Aliivua miwani.

"Unajua kwa nini wananiita Nukta? Kwa sababu nawasumbua madaktari kwa namba inayokuja baada ya nukta. E kumi ni kisukari cha aina ya kwanza, cha insulini maisha yote. E kumi na moja ni aina ya pili. Hapo wengi huishia, wanaona wamemaliza. Lakini baada ya nukta ndipo mtu mwenyewe alipo. Moja, damu imegeuka asidi. Mbili, figo. Tatu, macho. Nne, mishipa ya fahamu. Tano, damu haifiki miguuni. Tisa ni mtu ambaye ugonjwa haujamgusa popote." Alipigapiga faili kwa rula. "Mtu wa kidonda kinachonuka tangu mlangoni, miguu ina ganzi, maabara wamekuta kwenye mkojo wake ketoni, uchafu unaotoka mwili ukikosa insulini ukaanza kujiunguza mafuta yake wenyewe. Huyo ni tisa? Nilikasirika mpaka chai ikanishinda."

"Lakini uliandika."

"Mimi si daktari. Nikiona moshi siruhusiwi kuandika moto. Naandika kilichotiwa saini. Ninachoweza ni kuuliza, na niliuliza. Mara mbili."

Alifungua droo, akatoa kitabu cha fomu za maswali. Kila fomu ilikuwa na sehemu ya swali juu, sehemu ya jibu la daktari chini, na nafasi ya saini. Majibu yaliporudi aliyabandika palepale kwenye kitabu chake.

"Madaktari hudhani nikishamaliza nazitupa," alisema. "Situpi kitu."

Fomu ya kwanza ilikuwa ya tarehe kumi na nne. Swali, kwa mwandiko mdogo uliopangika kama mbegu: *Muhtasari unasema aina ya pili, bila madhara. Faili lina kidonda cha mguu, ganzi, na ketoni kwenye mkojo. Tafadhali fafanua.* Jibu, kwa wino wa haraka: *Andika kama ilivyo.* Saini.

Fomu ya pili ilitoka tarehe kumi na tano, ikarudi tarehe kumi na nane. *Karatasi ya kupokea mgonjwa inataja alama nyingi za sindano. Je, ni aina ya kwanza au ya pili?* Jibu lilikuwa refu zaidi na wino ulikandamizwa hadi karibu karatasi itoboke: *Aina ya pili. Ndugu alidai siku ya kupokelewa kuwa mgonjwa anajidunga. Madai hayakuthibitishwa. Usinirudishie tena faili hili.* Saini ileile.

Inspekta aliisoma mara mbili. Mara ya pili alisoma kwa sauti maneno matatu tu. "Siku ya kupokelewa."

"Eeh," alisema Nukta. "Alitaka kuninyamazisha, akasema mengi kuliko alivyotaka."

*

Daktari wa zamu alikuwa kwenye chumba cha madaktari, mguu mmoja nje ya kiatu, kikombe cha chai mkononi. Hakuwa mzee, miaka thelathini na kitu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Inspekta tena? Nilishatoa maelezo."

"Nimekuja tuyahakiki, Daktari. Mkuu wangu ni mtu wa karatasi."

"Fanya haraka."

Alimsomea. Mgonjwa alipopokelewa, tarehe nane, ulifungua kompyuta ukakuta msimbo E11.9. Ndiyo. Uliuona kwa macho yako. Ndiyo. Kabla ya kuandika dawa. Kabla, ndiyo, nimeshasema! Na hakuna ndugu yeyote aliyekuambia kuwa anajidunga insulini. Hakuna.

"Tia saini hapa."

Alitia saini kwa nguvu ileile iliyokaribia kutoboa fomu ya Nukta.

Inspekta aliichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke. "Msimbo huo uliingizwa tarehe kumi na nane," alisema. "Tarehe nane nafasi yake ilikuwa tupu. Uliona nini, Daktari?"

Kikombe kilishuka mezani taratibu.

"Labda nimechanganya. Naona wagonjwa wengi. Labda niliona kwenye... labda ilikuwa karatasi."

"Karatasi ipi?"

"Sikumbuki."

"Karatasi pekee iliyokuwepo siku ile ilikuwa ya Sista. Ina alama za sindano. Hiyo uliisoma?"

Daktari alichungulia ndani ya kikombe.

Inspekta aliiweka fomu ya pili mbele yake na kuweka kidole chini ya maneno matatu. Daktari aliyasoma. Alirudi nyuma kwenye kiti, akaanza kukitafuta kiatu chake kwa mguu chini ya meza, akakikosa, akaacha.

"Alisema baada ya kifo. Yule dada alipiga kelele nyingi siku ile, ndizo nilizo—"

"Umeandika siku ya kupokelewa. Mwandiko wako. Na sasa hivi umenisainia kwamba hakuna aliyekuambia. Chagua moja, Daktari. Zote mbili haziwezi kuwa kweli."

Nje, koridoni, mtu aliita jina la mgonjwa mara tatu bila kuitikiwa. Daktari alingoja sauti ipite.

"Nilikuwa zamu tangu Ijumaa asubuhi," alisema. "Mwenzangu hakuja. Naona mtu mnene, miaka arobaini, kidonda cha mguu, sukari iko juu. Tisa kati ya kumi wa namna hiyo ni aina ya pili."

"Huyu alikuwa wa kumi."

"Najua alikuwa wa kumi!"

"Dada yake alisemaje?"

"Alisema, daktari, kaka yangu anadungwa tangu mdogo. Alikuwa na mfuko, sindano zake zimo ndani. Nilimwambia tutaangalia." Alijifuta uso. "Akaja tena jioni. Nikamwambia dawa ameshaandikiwa. Jumapili akaja mbele ya wagonjwa wote, akaushika mkono wangu. Nikamwambia, kama unajua kutibu kuliko mimi, njoo uvae koti hili."

"Mara ngapi, zote?"

"Tatu."

Inspekta aliandika. Kalamu yake ilikwama, akaitikisa, akaandika tena.

"Ulijua lini?"

"Jumanne asubuhi. Nilimwinamia kumsikiliza kifua, nikanusa pumzi yake. Inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hakuna daktari asiyeijua harufu ile." Alikisukuma kikombe mbali. "Nilikimbia mwenyewe kuchukua insulini. Niliporudi hakunitambua tena. Saa tano na nusu akakata roho. Dada yake alikuwa pale. Mama yake alikuwa pale. Wote wakanigeukia mimi, na mimi nikasema neno la kwanza lililonijia."

"Kwamba hakuna aliyekuambia."

"Ndiyo."

"Kisha ukaandika muhtasari."

"Kisha nikaandika muhtasari. Kama alikuwa aina ya pili, basi vidonge havikuwa kosa."

Inspekta alimwandikia maneno yake yote, akamsomea, naye akatia saini, safari hii kwa mkono mwepesi. Kisha akatoa fomu moja zaidi, ambayo Nukta alimpa alipokuwa akitoka: ya kusahihisha msimbo. Nukta alikuwa ameshaijaza kwa mwandiko wake wa mbegu: E11.9 ifutwe, iandikwe E10.1. Aina ya kwanza, damu iligeuka asidi. Ilikosa saini ya daktari tu.

Daktari aliisoma, akaisukuma kando. "Hiyo hapana," alisema. "Hiyo mpaka niongee na mwanasheria."

"Umeshakiri."

"Maelezo ni maneno. Mwanasheria anaweza kuyapinga. Hiyo ni rekodi."

Inspekta alibishana naye kwa dakika kumi na kutoka mikono mitupu. Alimpigia Nukta simu kutoka koridoni.

"Bila saini siwezi kugusa," Nukta alisema. "Hesabu ya mwezi inafungwa kesho saa kumi. Atahesabiwa kama alivyo."

"Kama mtu ambaye ugonjwa haukumgusa popote."

"Kama hivyo. Mpaka mahakama iseme. Fomu nitaiweka."

Inspekta alikaribia kuipigiza simu ukutani. Badala yake alimpigia mkuu wa kituo, akamwambia jalada halifungwi, na kwamba anarudi na daktari kwa kesi ya uzembe uliosababisha kifo na kutoa maelezo ya uongo kwa polisi.

"Nilikuambia uniletee la maana," alisema mkuu. "Sikukuambia uniletee daktari."

*

Saa kumi na moja jioni, daktari akiwa ameshaandikishwa kituoni, Inspekta aliegesha gari mbele ya nyumba ya mama yake Cheche. Msusi alikuwa akimngoja kwenye geti. Alikataa kutangulia.

"Ingia wewe. Mimi nitasikia kutokea hapa."

Mama alikuwa uani, kwenye kigoda, sinia la mchele mapajani. Ukutani nyuma yake kulikuwa na dirisha la chuma ambalo halijapakwa rangi; mikunjo yake ilikuwa ya fundi aliyeipenda kazi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umekuja kuniambia umefunga?"

"Nimekuja kukusomea."

Alimsomea maelezo ya daktari kuanzia mwanzo, bila kuruka, hata lile la koti. Mama aliendelea kuchambua. Ilipofika harufu ya pumzi, vidole vyake vilisimama juu ya mchele, vikabaki hapo hadi mwisho.

"Mara tatu?" aliuliza.

"Mara tatu, mama. Amekiri na kutia saini."

Mama aligeuza kichwa kuelekea geti. Ilikuwa wazi kwamba alijua muda wote nani amesimama pale.

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilipiga, mama," msusi alisema. "Walimwita mlinzi anitoe."

Kwa jirani mtu alikuwa akipiga msumari, akikosea, akiung'oa, akianza tena.

"Basi ingia," alisema mama. "Unasimama mlangoni kama mgeni."

Msusi aliingia, akaketi sakafuni, mbali kidogo. Baada ya muda akanyoosha mkono, akatoa kokoto moja kwenye sinia ambayo mama hakuiona. Mama hakumzuia. Hakumtazama pia.

Inspekta alifunga daftari, akainuka. Alikuwa ameshafika nusu ya ua mama alipomwita.

"Huyo daktari. Mama yake yuko hai?"

Inspekta alifungua daftari lake upya. Alikuwa na umri wake, anwani yake, namba yake ya kazi, saa alizoingia zamu na saa alizotoka, na saini zake tano.

"Sijui, mama. Sikumuuliza."

Mama alirudisha macho kwenye mchele.

"Muulize," alisema.